Je, Wajua? Ndege ya Lamu Husikiliza Amri ya Kanada

Abiria wa Lamu hashukii Lamu. Ndege hutua kisiwa jirani, Manda, kisha watu huvuka mlango wa bahari kwa boti. Miongoni mwa zinazotua hapo ni Dash 8-400 za Jambojet: mapanga 6 kwa kila injini, viti 78, na miguu mirefu ambayo ndege ikisharuka hukunjwa kwenda nyuma, ikafichwa chini ya injini.

Miguu hiyo ina historia.

Tarehe 9 Septemba 2007, Dash 8-400 ya shirika la SAS ilitua Aalborg, Denmark, mguu wa kulia ukakunjika na ubawa ukaburura chini. Siku tatu baadaye, Vilnius, Lithuania, yakawa yaleyale: shirika lilelile, mguu wa kulia vilevile. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta kosa ni la kiungo kidogo, kichwa cha fimbo ya haidroli inayopandisha na kushusha mguu. Kichwa hicho hushikwa kwa meno kama ya skrubu, na kutu ilikuwa imeyala meno hayo kwa ndani, pasipofikiwa na jicho. Kilipochomoka, mguu haukushuka taratibu. Ulianguka kwa kishindo, ukaharibu kile kinachoufunga usikunjike.

Mtengenezaji, Bombardier, alishauri ndege za aina hiyo zilizokwisha kutua zaidi ya mara 10,000 zisiruke mpaka zikaguliwe. Zilikuwa kama 60 duniani. Kanada nayo ikatoa amri. Kwa nini Kanada? Ndiko ndege ilikobuniwa, na kwa taratibu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, nchi ya mbunifu ndiyo hutangaza kasoro. Nchi ya usajili husimamia utekelezaji. Kwa ndege zenye alama ya usajili ya 5Y, msimamizi ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Mwenye jahazi pale Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, hupatana na fundi wake lini chombo kipandishwe pwani kikalafatiwe. Mwenye ndege hana hiari hiyo.

Amri hizi hazichagui vitu vya fahari. Ndege za familia ya Airbus A320 ziliwahi kuamriwa zikaguliwe vishikizo vya kabati la kompyuta liitwalo 80VU, kwa kuwa vile vya chini vilionekana kulegea na kuharibika. Kabati likicheza, nyaya zaweza kuchomoka kwenye kompyuta za usukani na mawasiliano. Kazi yenyewe haina mbwembwe: fundi hujipenyeza na tochi, hutafuta ufa, hubadilisha kilichopasuka, kisha hutia sahihi kwenye kumbukumbu za ndege. Pasipo sahihi, ukaguzi huhesabiwa haukufanyika.

Muda wa ukaguzi mara nyingi hufuata idadi ya kutua, si umri wa ndege tu. Hapo ndege ya safari fupi huonewa kidogo. Ikitua mara 6 kwa siku, hufikisha 10,000 kabla ya miaka 5. Ile ya masafa marefu itakayotua mara 2 kwa siku itahitaji zaidi ya miaka 13.