Fistula: Mshono Peke Yake Hautoshi

Wako akina mama wanaojificha nyumbani kwa sababu mkojo huwatoka wenyewe mchana na usiku. Hawakurogwa, wala hawana laana. Uchungu ukikawia mno bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Nyama hufa na tundu hutokea. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto naye hufa.

Tundu hushonwa kwa upasuaji. Lakini sisi wauguzi tumejifunza kwamba mama huyo anahitaji pia mtu mmoja wa kumfuatilia tangu mwanzo hadi mwisho, awe muuguzi au afisa ustawi wa jamii.

Kwanza ni nauli, maana wengi hukwama hapo. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa. Pili, wodini tunamsikiliza bila haraka na kutunza siri zake. Tatu, akikubali mwenyewe, tunazungumza na mumewe au ndugu: wasilale pamoja kwa miezi mitatu, asibebe mizigo mizito, na mimba ijayo ajifungulie hospitali, kwa kawaida kwa upasuaji. Nne, tunapanga naye kazi ya kumpatia riziki, kama ushonaji, na tunaulizia hali yake akisharudi.

Wanajumuiya, mkimjua mama wa namna hii, msimcheke. Mwendeeni kwa faragha, mfikisheni hospitali. Akirudi, mpeni nafasi yake benchini kanisani.