BETI ZA TAKWIMU: TUNAVYOJIFUNZA UTAFITI KWA MZAHA



Kila mweka hazina wa usharika anaijua methali isemayo "Mali bila daftari hupotea bila habari". Ni maneno sita tu na yana vina, lakini yanafundisha utunzaji wa kumbukumbu kuliko semina ya siku nzima. Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza jinsi tunavyotumia beti fupi za namna hiyo kuwafundisha kanuni za utafiti wajumbe wa kamati za maendeleo huku Lituhi.

Kosa letu

Tulipokuwa tunaandaa ombi la mradi wa maji, tuliwauliza watu waliobaki uwanjani baada ya ibada wanatumia muda gani kwenda kuchota maji. Majibu yalikuwa mazuri, na karibu tuyapeleke kwa wafadhili. Ndipo mama mmoja, mzee wa kanisa, akatukumbusha kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wengi tuliowauliza walikuwa wanaishi karibu na barabara. Kina mama wa vitongoji vya mbali walikuwa wameshaondoka ili wawahi kisimani. Kama asingesema, bomba lingejengwa kwa wenye maji tayari, na karatasi zetu zote zingeonyesha kuwa tumefanya kazi vizuri.

Hatukukosa uaminifu. Tulikosa njia sahihi ya kuuliza. Tangu hapo kila semina ya wakusanya takwimu tunaianza na beti.

Kwa nini ushairi?

Ushairi wa Kiswahili wenyewe ni hesabu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliweka wazi kanuni za vina na mizani. Katika shairi la kawaida, mshororo una mizani 16, yaani 8 kila upande, na ubeti wa mishororo minne una mizani 64. Mtu anayeweza kuhesabu mizani kwa vidole hawezi kusema takwimu ni za wasomi peke yao. Hata nje ya nchi wapo walioona hivyo: mchumi Kenneth Boulding (1910–1993), mzaliwa wa Uingereza aliyefundisha Marekani, alijulikana kwa beti za mzaha kuhusu taaluma yake.

Beti zifuatazo tumezitunga wenyewe.

1. Sampuli

Umeuliza ziwani, hujafika mlimani,
Watu kumi wa jirani, si kijiji asilani,
Onja mchuzi chunguni, ukishakoroga ndani,
Ndipo ujue yakini, chumvi ni kiasi gani.

Sensa huhesabu watu wote. Ile ya Agosti 2022 ilipata watu 61,741,120, na hufanyika kila baada ya miaka kumi kwa kuwa gharama yake ni kubwa. Usharika hauna uwezo huo, hivyo tunauliza kaya chache kwa niaba ya nyingi. Hiyo ndiyo sampuli. Mpishi haonji chungu kizima. Kijiko kimoja kinamtosha, mradi amekoroga. Kwetu sisi kukoroga ni kuandika orodha ya kaya zote za kila kitongoji, kutia namba kwenye kapu na kuokota bila kuchagua. Nyumba iliyookotwa ndiyo tunayokwenda, hata kama iko juu mlimani na mvua inanyesha.

2. Wastani

Ruhuhu ni magotini, mwenye kitabu kanena,
Akaingia majini, kofia tu tukaona,
Huku maji kifundoni, kule chini hupaona,
Namba moja mkononi, si mto mzima, bwana.

Ubeti huu huchekesha sana, maana kila mtu hapa anaufahamu Mto Ruhuhu unavyoingia Ziwa Nyasa. Wastani hupatikana kwa kujumlisha vipimo vyote na kugawanya kwa idadi yake. Tuchukue kaya tano: nne zinatumia dakika 10 kufika kwenye maji, ya tano inatumia dakika 110. Jumla ni 150, na wastani ni dakika 30. Lakini hakuna hata kaya moja inayotumia dakika 30! Kwa hiyo, pamoja na wastani, tunaandika pia kiasi cha chini kabisa na cha juu kabisa. Yule wa dakika 110 ndiye tuliyemtafuta tangu mwanzo.

3. Sababu na mambo yanayoandamana

Jogoo katuwikia, na jua limechomoza,
Chunguni akiingia, kesho litajitokeza.

Mambo mawili yakienda pamoja haina maana kwamba moja limeleta jingine. Tukikuta watoto wa nyumba za bati wanahudhuria shule zaidi, tusikimbilie kugawa bati. Huenda kipato cha wazazi ndicho kilicholeta vyote viwili. Vivyo hivyo, kuhara kukipungua baada ya kisima kujengwa, tuulize kwanza: je, msimu wa mvua ulikuwa umekwisha? Je, vyoo navyo vilijengwa mwaka huohuo? Ni vigumu kuuliza hivyo pale jibu linapoupendeza mradi wetu, lakini hapo ndipo panapotakiwa uaminifu.

Mipaka yake

Ubeti haufanyi kazi ya dodoso wala ya daftari. Kazi yake ni kumkumbusha mkusanya takwimu akiwa peke yake njiani, jua kali, na nyumba iliyo karibu inamwita aingie humo badala ya ile iliyookotwa. Wajumbe wetu husahau maelezo ya ubaoni, lakini jogoo wa chunguni hawamsahau.

Wito wetu

Kamati za sharika, tungeni beti zenu kwa mifano ya kwenu, iwe ni kahawa ya Umatengo au dagaa wa ziwani, na mzisome kabla ya kutoka kwenda kuuliza. Nanyi wafadhili wetu wapendwa, mnapopokea taarifa yetu tuulizeni maswali matatu: mliwauliza akina nani, aliye mbali kabisa alisema nini, na mnajuaje kwamba ni mradi ulioleta badiliko? Injili ya Luka inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kupiga hesabu ya gharama. Nasi tukiketi kwanza tukahesabu vizuri, maji yatafika kwa yule anayeamka alfajiri kuyafuata.