Injini Inayolaza Silinda: Je, Ni Faida au Hasara kwa Gari la Familia?

Jamaa mmoja wa mjini Kigali, askari polisi mwenye watoto watano, alijinyima kwa miaka kadhaa hata akapata gari la familia la viti vinane. Gari lilikuwa limetumika ng'ambo, lakini rangi yake iling'aa na viti vyake havikuwa na doa. Miezi minne baadaye, alipokuwa akiupanda mlima wa Shyorongi kuelekea Musanze kumrudisha binti yake shuleni, gari lilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika.

Fundi wa kwanza alibadili plagi, gari likapona. Baada ya wiki sita ugonjwa ukarudi, plagi zikabadilishwa tena. Mara ya tatu alipelekwa kwa fundi mzee, ambaye kabla ya kushika spana alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu.

"Afande," alisema yule mzee, "hili gari lako lina silinda sita, lakini tatu kati ya hizo hupenda kulala. Zikiwa zimelala, hunywa oili."

Maneno hayo yaliwashangaza waliokuwapo, nasi tumeona yafaa tuyaeleze kwa ukamilifu, kwa kuwa magari ya namna hiyo yamo katika barabara zetu. Tangu mwaka 2005 magari ya abiria yenye usukani wa kulia yalizuiwa kuingizwa na kusajiliwa Rwanda. Kwa hiyo mnunuzi wa hapa hupata gari lake kutoka nchi zinazoendesha upande wa kulia, ikiwamo Marekani, ambako injini kubwa za silinda sita ni jambo la kawaida katika magari ya familia.

SILINDA HULALAJE?

Injini kubwa hutengenezwa ili iweze kubeba mzigo mzito na kupanda mlima. Lakini gari linapokwenda taratibu kwenye tambarare, nguvu nyingi ya injini hiyo haihitajiki. Mlango wa hewa hubaki umefunguliwa kidogo tu, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kwa taabu kupitia upenyo mwembamba. Taabu hiyo hula petroli bure.

Wahandisi wakafikiri hivi: kwa nini wafanyakazi sita wafanye kazi kivivu, ilhali watatu wangeweza kuifanya kwa bidii? Kompyuta ya injini inapoona mzigo ni mwepesi, huelekeza shindikizo la oili kwenye vijiti vidogo vilivyo katika mikono ya kufungulia valvu. Mikono hiyo huachana, valvu za silinda zilizochaguliwa hubaki zimefungwa, na petroli haiingii humo. Pistoni huendelea kupanda na kushuka, lakini hewa iliyofungiwa ndani hubanwa na kuachiliwa kama springi. Silinda zilizobaki hufungua mlango wa hewa zaidi, nazo hufanya kazi kwa nafuu. Dereva akikanyaga mafuta, zote sita huamka mara moja.

Wazo hili si geni. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ililitia katika injini yake ya silinda nane mwaka 1981, iliyoweza kufanya kazi kwa silinda nane, sita au nne. Kompyuta za wakati ule zilikuwa bado changa, wateja wakalalamika, na injini hiyo ikaondolewa upesi katika magari mengi ya kampuni hiyo. Honda walilileta tena Japani mwaka 2003 katika gari la Inspire, na baadaye katika gari la familia la Odyssey la mwaka 2005 lililouzwa Marekani. Kwa kuwa injini inayotumia silinda tatu hutetemeka zaidi, Honda waliweka vishikizo maalumu vya injini vinavyopunguza mtikisiko.

FAIDA YAKE

Faida ipo, wala haifai kuikana. Katika Odyssey za mwaka 2005 hadi 2010 ziliuzwa aina mbili, yaani zenye utaratibu huu na zisizokuwa nao, hivyo ilikuwa rahisi kuzilinganisha. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, tofauti ya petroli haikufika lita moja kwa kila kilomita 100. Mwenye kwenda kilomita 15,000 kwa mwaka angeweza kuokoa lita kama 125.

Lakini vipimo hivyo havikufanywa katika milima yetu. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, basi silinda tatu peke yake huelemewa mapema. Gari lenye watu wanane linapopanda kutoka Nyabugogo, silinda zote sita huamka. Linapoteremka, dereva akiwa ameondoa mguu, kompyuta hukata petroli katika silinda zote, na hilo hata injini za kawaida hulifanya. Kwa hiyo utaratibu huu hupata nafasi ya kufanya kazi katika vipande vifupi tu vya tambarare. Anayesafiri mara kwa mara katika barabara ya Rwamagana na Kayonza kwa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 atanufaika kuliko anayezunguka kati ya Kimironko na Nyamirambo.

HASARA YAKE

Hasara kubwa hutokana na oili. Katika injini nyingine za aina hii, ringi za pistoni huzunguka mpaka mianya yake ikakaa mstari mmoja, na oili ikapata njia ya kupanda juu. Oili hiyo huchafua plagi, plagi hushindwa kutoa cheche, na silinda hukosa moto. Petroli isiyoungua huingia katika eksosi na kuharibu kisafisha moshi, kifaa ambacho ni ghali sana kukibadili.

Jambo hili lilifikishwa mahakamani huko Marekani. Mwaka 2013 Honda walikubaliana na wateja waliokuwa wameshtaki, bila kukiri kosa, kwamba dhamana ya injini kwa kasoro hiyo iongezwe hadi miaka minane. Odyssey za mwaka 2008 hadi 2013 zilikuwa miongoni mwa magari yaliyohusika. Muda huo umekwisha pita, na anayenunua gari kama hilo leo hubeba gharama mwenyewe.

Hasara ya pili ni vishikizo vya injini, ambavyo vikichoka gari hutetemeka hata likiwa na injini nzima. Ya tatu ni kwamba utaratibu wote hutegemea shindikizo la oili. Mwenye mazoea ya kuchelewesha kubadili oili huumia zaidi kwa injini hii kuliko kwa injini ya kawaida.

Wako wanaofunga kifaa kidogo kwenye waya wa kipima joto ili kompyuta idhani injini bado haijapata moto, na hivyo isilaze silinda. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ijulikane kwamba kompyuta imedanganywa. Joto likizidi, itachelewa kulitambua. Aidha, kifaa hicho hakiponyi ringi zilizokwisha haribika.

MASHAURI KWA WENYE FAMILIA

1. Kabla ya kununua, uliza kama injini hulaza silinda. Ikiwa ndiyo, mwombe fundi unayemwamini achomoe plagi zote. Plagi yenye utando mweusi wa oili ni shahidi asiyesema uongo.

2. Jaribu gari kwenye tambarare na mlimani, likiwa na watu ndani. Mtikisiko unaokuja na kuondoka kwa mwendo uleule ni dalili ya vishikizo vibovu.

3. Pima oili kila baada ya wiki mbili, injini ikiwa imepoa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi ya Umuganda, gari limesimama: ukirudi, chomoa kijiti ukitazame. Mama wa nyumbani na kijana mkubwa nao wafundishwe kukisoma.

4. Tumia oili ya uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari, na uibadili mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu ikiwa unakwenda milimani kila siku.

5. Taa ya injini ikiwaka na kuzimika, punguza mwendo na utafute fundi siku hiyo hiyo. Usikubali kubadili plagi mara mbili bila kuuliza oili imekwenda wapi.

Basi, tukipima pande zote mbili, tunaona kwamba injini hii humfaa mtu wa tambarare mwenye kulitunza gari lake. Kwa familia ya Kigali, akiba yake ni ndogo, na ugonjwa wake ukianza unaweza kula akiba ya miaka mingi kwa siku moja. Ukiweza kupata gari lenye injini ya kawaida kwa bei iyo hiyo, lichukue. Ukiwa nalo tayari, usiliuze kwa hofu, lipime oili.

Yule afande aliambiwa na fundi mzee kwamba ringi zilikuwa zimeharibika katika silinda mbili. Ilimbidi injini ifunguliwe, na binti yake akamaliza muhula akisafiri kwa basi. Siku hizi, kabla ya kila safari, binti huyo ndiye anayekichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, na kumsomea baba yake.