Jambia na Mkuki Mrefu: Nani Atangulie Kupiga?

Ndugu mpiganaji, wakikabiliana watu wawili, mmoja ameshika jambia na mwenziwe mkuki mrefu wa kuzuia farasi, ni yupi atakayepiga kwanza? Swali hili, ambalo aliyefanya mazoezi ya singe hawezi kulipuuza, liliwashughulisha pia Wamarekani waliobuni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Humo kila mchezaji hujifanya shujaa wa zama za mapanga na uchawi, na dadu ndiyo iamuayo bahati yake vitani.

Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, Gygax aliipa kila silaha namba ya wepesi. Namba ikiwa ndogo, silaha ni nyepesi kutumika. Jambia lilipewa 2, upanga mfupi 3, upanga mrefu 5, upanga wa mikono miwili 10, na mkuki mrefu 13. Walakini namba hizo hazikutawala pambano zima. Kila upande ulirusha dadu ya pande sita, na aliyepata kubwa akatangulia. Wepesi wa silaha uliangaliwa pale tu dadu zilipolingana, jambo litokealo kwa wastani mara moja katika sita. Hapo ndipo mwenye jambia alipovuna: dhidi ya upanga wa mikono miwili alipiga mara mbili kabla adui hajapiga hata mara moja, dhidi ya mkuki mrefu alipiga mara mbili, na pigo la tatu likaenda sambamba na la adui.

Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa haki, maana waliokwisha kushikana mashati hawana nafasi ya kuzungusha mti wa zaidi ya futi kumi. Na upande wa pili haukusahauliwa. Mwongozo wa mwaka 1979 uliagiza kwamba adui akija mbio kushambulia, dadu wala wepesi haviulizwi: silaha ndefu zaidi hupiga kwanza. Mwenye jambia sharti aivuke kwanza ncha ya mkuki.

Toleo la pili, la mwaka 1989, likaivuruga mizani hiyo. Kwa kanuni ya hiari, mpiganaji alirusha dadu ya pande kumi, akajumlisha namba ya silaha yake, na mwenye jumla ndogo akatangulia. Hebu tupige hesabu. Mwenye jambia, dadu ikimtupa kabisa, hupata 12. Mwenye mkuki mrefu, dadu ikimpendelea kabisa, hupata 14. Kwa hesabu hiyo peke yake mkuki hautangulii kamwe! Safu za mikuki za Waswisi, zilizolishinda jeshi la Burgundy mwaka 1476, zingeistaajabia sana kanuni hiyo.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliziondoa namba zote hizo. Zamu ikaamuliwa kwa dadu ya pande ishirini pamoja na wepesi wa mwili wa mpiganaji mwenyewe, awe na jambia au mkuki.