Taya Limefungwa kwa Waya: Mgonjwa Atakula Nini?



Baada ya serikali kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimefika kila kijiji. Zimetuletea kazi na usafiri, na zimetuletea pia mifupa iliyovunjika. Miguu na mikono tumezoea: plasta huwekwa, mgonjwa hukaa nyumbani na kula kama kawaida. Lakini je, mfupa uliovunjika ukiwa ni ule wa kutafunia?

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda. Ameanguka kwenye murram, na taya la chini limevunjika mahali pawili. Madaktari wamelirudisha mahali pake, kisha wamefunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya. Wiki ya kwanza uso umevimba, hana hamu ya chakula. Wiki ya tatu uvimbe umeisha na maumivu yametulia. Jioni hiyo mahindi mabichi yanachomwa jikoni. Kijana anaongea katikati ya meno:

"Mama, hebu leta hiyo koleo tukate. Siumwi tena. Njaa ndiyo itaniua."

Mama afanye nini? Akikata, taya laweza kuhama, meno yasikutane tena, na kijana arudishwe kupasuliwa mara ya pili. Akikataa tu bila kumpa chakula cha maana, kijana atakonda na kidonda kitachelewa kupona. Kumbe kazi ni mbili, na zote ni za lazima: mfupa utulie, na mwenye mfupa ashibe.

KWA NINI KUTAFUNA KUNAKATAZWA?

Wengi wetu tumeshakandika nyumba ya udongo. Siku chache baadaye ukuta huonekana mkavu, lakini ukiuegemea unajua kwamba ndani bado ni mbichi. Mfupa nao ni hivyo. Ukivunjika, kwanza damu huganda kati ya vipande. Halafu mwili hutengeneza kiungo laini cha kuvishika. Kiungo hicho hugeuka kuwa mfupa mgumu polepole. Kwa mtu mzima taya huhitaji wiki 4 hadi 6 hivi kabla ya waya kutolewa. Kwa watoto ni upesi zaidi. Maumivu huisha mapema kuliko kazi hii, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Misuli ya kutafunia ina nguvu nyingi sana. Ukiuma hindi la kuchoma, nguvu hiyo yote hupita mahali palipovunjika. Kiungo laini hakiwezi kuistahimili.

Hospitali nyingine hushikanisha mfupa kwa vibamba vidogo vya chuma na skrubu. Mgonjwa wa namna hii huweza kufungua mdomo mapema. Lakini kufungua mdomo si kutafuna. Naye hukatazwa vyakula vigumu kwa wiki kadhaa, maana skrubu zaweza kulegea na kibamba kuvunjika.

CHAKULA CHA KUNYWA SI UJI WA MAJI

Kosa la kwanza nyumbani ni kumpa mgonjwa uji mwepesi asubuhi, chai ya rangi mchana, na supu ya mifupa jioni. Tumbo linajaa maji, mwili unabaki na njaa. Supu ya mifupa ni tamu, na wengi husema kwamba mfupa hujenga mfupa. Si kweli kwamba supu hiyo peke yake inatosha. Nyingi yake ni maji, chumvi na mafuta. Vitu vya kujengea mfupa vimo zaidi katika maziwa, mayai, omena, maharagwe na wimbi.

Maziwa ndiyo msaada mkubwa kwa familia nyingi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini karibu sawa na mayai 5. Yachemshwe vizuri kwanza. Maziwa ya mala yanafaa pia, ikiwa yametengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa.

Uji wa nguvu hupikwa hivi:

1. Changanya nusu lita ya maji na nusu lita ya maziwa.
2. Koroga vijiko 4 vya chakula vya unga wa wimbi uliochungwa kwenye maji baridi, kisha mimina kwenye sufuria. Pika mpaka uive.
3. Ongeza vijiko 3 vya njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa laini kabisa. Njugu zenye ukungu zitupwe, zina sumu.
4. Piga yai moja, limimine huku ukikoroga, na uache uji utokote dakika chache. Usimpe yai bichi.
5. Tia kijiko 1 cha mafuta ya kupikia na sukari kiasi. Mafuta huongeza nguvu bila kuongeza wingi wa chakula.
6. Chuja kwa kichungi cha chai. Ukiwa mzito, ongeza maziwa, si maji.

Chakula cha chumvi nacho kisisahauliwe, kwa maana mtu huchoshwa na utamu siku baada ya siku. Pika maharagwe au ndengu mpaka ziive sana, ponda kwa kinu au kwa mwiko, ongeza maji yaliyopikia, chuja. Maini au nyama ya kusaga hupikwa na kusagwa vivyo hivyo. Omena ikaushwe, itwangwe iwe unga, itiwe kwenye supu ya viazi na karoti. Mboga za majani zipikwe, zisagwe na kuchujwa. Mwenye blenda atafanya upesi, lakini kinu, mchi na kichungi vinatosha.

Parachichi likipondwa na maziwa humpa mgonjwa nguvu nyingi. Maji ya papai na embe husaidia asifunge choo. Soda hutuliza kiu lakini haijengi mwili. Mwenye ugonjwa wa sukari aulize hospitalini kabla ya kutumia uji wenye sukari.

NAMNA YA KUMLISHA

Watu huuliza, "Meno yamefungwa, chakula kitapita wapi?" Kitu cha majimaji hupenya katikati ya meno, na nyuma ya magego ya mwisho kuna nafasi ndogo. Mgonjwa hunywa kidogo kidogo kwa kikombe, au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililotiwa mrija laini unaoingia kando ya shavu. Mrija wa kunyonyea soda wengine huruhusiwa na wengine hukatazwa, kwa sababu kufyonza huvuta kidonda. Fuata neno la daktari wako.

Aketi wima kila anapokula. Chakula kiwe vuguvugu, si moto. Mdomo wa chini mara nyingi huwa na ganzi baada ya kuumia au kupasuliwa, na mtu aweza kuungua bila kusikia.

Kula huku huchukua muda mrefu na huchosha. Kwa hiyo usingoje milo mitatu. Mpe kikombe kimoja kila saa 2, mara 6 hadi 8 kwa siku, na maji katikati. Uji wa nguvu ukiwekwa kwenye thamosi asubuhi, mama anaweza kwenda shamba akirudi amkute mgonjwa ameshakunywa. Usiukalishe kutwa, wa mchana upikwe upya.

Kupungua kilo kadhaa ni jambo la kawaida. Apimwe kila wiki kwenye zahanati. Kama ni mbali, tazameni mkanda wa suruali. Ukisogea tundu baada ya tundu, chakula hakitoshi.

Kwa upande wa dawa, omba za maji. Usiponde kidonge kabla ya kumwuliza aliyekupa, maana vingine havifai kupondwa.

MDOMO UWE SAFI

Maziwa na uji vikikaa kwenye waya huoza, meno hutoboka na kidonda huingia usaha. Kila baada ya kula asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Asubuhi na jioni apige mswaki mdogo laini, kama ule wa mtoto, upande wa nje wa meno na juu ya waya. Midomo ipakwe vaselini isipasuke.

Sigara na tumbaku huchelewesha kupona. Pombe ni hatari mara mbili: humtapisha mtu, na humwangusha. Na miraa je? Miraa ni kutafuna tangu mwanzo hadi mwisho. Marafiki wakija nayo, waiache nje ya boma.

AKITAPIKA

Hili ndilo linalotisha familia nyingi. Lakini mtu anayekunywa vyakula vya majimaji tu, matapishi yake nayo huwa majimaji, na hutoka katikati ya meno na kando ya mashavu. Akisikia kichefuchefu aketi, ainame mbele, avute mashavu kwa vidole, aache yatoke, kisha asukutue. Asilale chali. Usiku alaze kichwa juu ya mito miwili, hasa siku za kwanza.

Koleo ndogo ya kukatia waya ikae karibu naye siku zote, usiku kando ya mto, safarini mfukoni. Ikiwa amefungwa kwa mipira, basi ni mkasi. Kabla ya kutoka hospitalini, mgonjwa na mtu mmoja wa nyumbani waonyeshwe waya za kukata, ambazo ni zile zinazounganisha meno ya juu na ya chini. Hukatwa kwa sababu moja tu: pumzi ikiziba. Njaa si sababu. Harufu ya mahindi si sababu. Zikikatwa, mgonjwa apelekwe hospitalini mara hiyo hiyo.

WAYA ZIKITOLEWA

Siku hiyo kijana hushangaa kwamba mdomo unafunguka kidogo tu. Misuli imekaa bila kazi. Daktari atamwonyesha mazoezi ya kuufungua polepole. Asiulazimishe.

Wiki za kwanza ale vitu vinavyopondeka kwa ulimi: viazi vya kuponda, ndizi mbivu, matoke, parachichi, mayai laini, wali uliopikwa bokoboko, ugali laini uliolowekwa kwenye mchuzi. Daktari akiridhika, aanze samaki asiye na miba na nyama ya kusaga. Githeri, nyama choma, miwa, mahindi ya kuchoma na njugu nzima zingoje mpaka daktari aseme. Kwa wengi ni kama miezi 3 tangu ajali.

ARUDI HOSPITALINI MARA MOJA IKIWA:

- Anashindwa kupumua vizuri au kumeza.
- Ana homa, usaha, au uvimbe unaoongezeka badala ya kupungua.
- Waya imekatika au kulegea, au meno hayakutani kama alivyotoka hospitalini.
- Ameanguka tena au kupigwa usoni.
- Anakojoa kidogo na mkojo ni mweusi, yaani maji yamepungua mwilini.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mara nyingi tukisikia mwenzetu ameanguka, tunachanga pesa za hospitali, tunamtembelea mara moja na mkate na soda, basi. Mkate hawezi kuula. Shida yake kubwa inaanza akisharudi nyumbani, wakati haendeshi pikipiki na hana mapato.

Hebu tupige hesabu. Lita 1 ya maziwa kwa siku kwa wiki 6 ni lita 42. Kikundi cha watu 21 kikigawana, kila mmoja atatoa lita 2 tu kwa muda wote huo. Asiye na ng'ombe atatoa mayai, au kilo ya wimbi, au atakwenda kusaga. Mweka hazina aandike zamu kwenye daftari kama mnavyoandika zamu ya merigoraundi, ili maziwa yasifike mengi Jumapili na Jumatano pasiwe na kitu.

Kuna msaada mwingine usiogharimu pesa. Mpeni daftari na kalamu, maana kuongea kunamchosha. Waelezeni majirani kwamba sauti ile ni ya waya, si ya ulevi. Hakikisheni ana nauli ya kurudi kliniki siku aliyopangiwa. Na kabla ya ajali, kila mwanachama awe amejiandikisha katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024.

Vijana wenye bodaboda wakumbushwe kofia, yao na ya abiria, kwa kuwa sheria inataka zote mbili. Kofia inayofunika na kidevu ndiyo inayokinga taya. Ile ya kichwani tu huliacha wazi.

Na yule mama tuliyemwacha jikoni? Asimpe kijana koleo. Ayaondoe mahindi hapo, amletee kikombe cha uji wa nguvu, na amwambie: "Mwanangu, kunywa. Zimebaki wiki tatu, na kesho ni zamu ya jirani kuleta maziwa."

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kuna mtu hapa kwetu aliyewahi kufungwa taya? Alikula nini, na ni nini kilichomsumbua zaidi?
2. Ni vyakula gani vya shamba letu vinavyoweza kusagwa na kunywewa mwezi huu?
3. Mwenzetu akirudi leo kutoka hospitalini, nani ataandika zamu ya maziwa?
4. Ni vijana wangapi wa bodaboda kijijini wana kofia mbili? Tutawasaidiaje waliobaki?