Maumivu mapya baada ya kuchukuliwa kinyama cha kupimwa

Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Mwanamke anaweza kukaa na kivimbe kwenye titi kwa miezi mingi huku akilima na kuteka maji kama kawaida. Siku anayokwenda hospitali akachukuliwa kinyama cha kupimwa, ganzi ikiisha, pale mahali panaanza kuuma. Ndugu hawachelewi kupata jibu: wameuchokoza, sasa utasambaa. Hapo ndipo wengine huacha kurudi hospitali wakaenda kwa mganga.

Kwa mtu wa Kwedizinga, Handeni, hofu hiyo hupata muda wa kukua. Kinyama kinaweza kuchukuliwa hospitali ya Bombo, Tanga, kikasomwa na mtaalamu wa patholojia wiki kadhaa baadaye, na matibabu yenyewe yakawa hospitali ya KCMC, Moshi, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Katika kipindi hicho chote mgonjwa yuko nyumbani, anaumwa, na hajui amuulize nani.

Saratani husambaa kwa tabia yake yenyewe, kupitia damu na mishipa ya limfu, na huweza kuwa imeanza kufanya hivyo kabla sindano haijaguswa. Kusambaa kwa sababu ya sindano hutokea kwa nadra sana, na madaktari wanazijua sehemu za kuchukua tahadhari. Uvimbe wa korodani, kwa mfano, kwa kawaida hauchomwi sindano. Korodani huondolewa nzima, kisha ndiyo hupimwa. Bila kinyama, daktari hajui ni saratani ya aina gani wala dawa ipi itaifaa.

Maumivu ya kidonda cha kipimo hutambulika kwa mwelekeo wake: kila siku yanapungua. Titi lililochomwa sindano huvilia damu na kuuma likiguswa kwa siku chache, pengine wiki. Kipimo cha shingo ya kizazi huleta kubana kwa tumbo la chini kama wakati wa hedhi, pamoja na damu kidogo. Baada ya kipimo cha tezi dume, mkojo huweza kuwa na damu kwa siku kadhaa, na shahawa kwa wiki kadhaa.

Maumivu yanayozidi siku hadi siku yana sababu nyingine. Kidonda kikiwa cha moto, kikavimba au kutoa usaha, kimeingiwa na vijidudu. Damu ya ukeni ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au ikatoka na harufu mbaya, rudi hospitali. Mwanamume akipata homa na kutetemeka baada ya kipimo cha tezi dume, asisubiri kukuche: huenda vijidudu vya njia ya haja kubwa vimeingia kwenye damu, na hilo huua.

Kuna pia maumivu yanayotokea mbali na kidonda. Mgongo unaweza kuuma kwa sababu ya jembe, hata kwa mtu mwenye saratani. Lakini maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku na yasiyopoa mtu akilala yanahitaji kupimwa mapema. Yakiambatana na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au mkojo kuziba, uti wa mgongo huenda unabanwa. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu mgonjwa anayetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea.

Maumivu hayasubiri majibu ya maabara ili yatibiwe. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani: dawa ilingane na ukali wa maumivu, na inywewe kwa saa zake, si mpaka mtu aanze kulia. Kwa maumivu madogo, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa siku, na apunguze akiwa na uzito mdogo au ini bovu. Aspirini na diklofenaki asinunue dukani bila kuuliza, kwa kuwa huweza kuongeza damu kutoka, kuumiza figo na kuchubua tumbo.

Maumivu makali yana mofini ya maji. Ocean Road kwa miaka mingi imekuwa ikiichanganya na kuigawa kwa hospitali nyingine, na katika mkoa wetu wa Tanga, Hospitali ya Teule, Muheza, ilianza tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, miaka ya mwanzo ya 2000. Wengi huiogopa mofini wakidhani ni dawa ya kumsindikiza anayekufa. Ikipimwa vizuri haiharakishi kifo, na mgonjwa anaweza kuitumia huku akiendelea na matibabu ya kuponya. Usumbufu wake mkubwa ni kufunga choo, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha.

Maumivu yakianza, yaandike: tarehe, mahali yalipo, yanazidi saa ngapi, nini kinayapunguza. Nenda na karatasi hiyo pamoja na fomu za hospitali kwenye zahanati, hospitali ya Magunga, Korogwe, au hospitali ya Handeni, na useme mapema kwamba ulichukuliwa kinyama.

Maumivu yakiisha, usiifute tarehe ya majibu. Kilichopona ni kidonda cha kipimo. Uvimbe bado upo, na kama ulivyokuwa mwanzoni, unaweza kukua bila kuuma.