Kantangaze, Kiwavi wa Ndani ya Jani

Chuma jani la mnyanya lenye baka la kahawia, kisha linyanyue kwenye jua kama mtu anayekagua noti. Baka likipitisha mwanga, na ndani yake ukaona vichembe vyeusi na kiwavi mdogo anayejikunja, umeshampata. Vichembe ni kinyesi chake. Kiwavi ni kantangaze.

Jina hilo walimpa wakulima wa Tanzania, kutokana na "kanitangaze", kwa kuwa uharibifu wake haufichiki: akiingia shambani, majirani watajua. Wataalamu walimzoea kwa jina la Tuta absoluta, na tangu 2021 huitwa pia Phthorimaea absoluta. Akishakomaa ni nondo wa kijivu mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7, kama punje ya mchele. Mchana hujibanza katikati ya majani. Usiku ndipo huruka, kujamiiana na kutaga.

Kwao ni Amerika Kusini. Mwanasayansi wa kwanza kumwelezea alifanya hivyo mwaka 1917, kwa vielelezo kutoka Peru. Alibaki upande ule wa bahari hadi 2006, alipoonekana Hispania. Vinasaba vyake vinaashiria kwamba kundi lililovuka lilitoka Chile. Baada ya hapo hakushikika. Mwaka 2008 alikuwa Moroko, Algeria na Tunisia, 2010 Sudan, 2012 Ethiopia, na kufikia 2014 alishaingia Kenya na Tanzania. Mwaka 2016 jimbo la Kaduna, Nigeria, lilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya nyanya. Nondo huyu huruka, lakini kwenye safari ndefu husafirishwa na sisi: kwenye matenga, miche na nyanya zenyewe.

Ili kuelewa kwa nini anatushinda, tuliangalie jani vizuri. Jani lina ngozi ya juu na ngozi ya chini, na katikati kuna nyama ya kijani. Kiwavi akianguliwa hakawii juu ya jani. Hutoboa, akaingia, akaanza kula nyama hiyo na kuziacha ngozi mbili kama zilivyo. Ndiyo maana baka linapitisha mwanga. Wapo pia inzi wadogo ambao viwavi wao hupita ndani ya majani, lakini wale huchora mstari mwembamba uliopindapinda. Kantangaze huacha baka pana, kisha huhamia kwenye shina na tunda, mara nyingi akitobolea karibu na kikonyo. Tundu hilo dogo hufungulia mlango vimelea vya kuozesha. Shamba lisilotunzwa linaweza kupoteza mavuno yote.

Sasa tupige hesabu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260. Kwenye joto, yai hufikia kuwa nondo kwa takriban mwezi mmoja, hivyo vizazi vinaweza kufika 10 hadi 12 kwa mwaka. Siku yoyote utakayoingia shambani na bomba mgongoni, utakuta mayai juu ya majani, viwavi ndani yake, pupa udongoni na nondo mafichoni, vyote kwa pamoja. Sumu ya kugusa huishia kwenye ngozi ya jani, na anayelengwa yuko chini yake. Mkulima akiona hawafi, huongeza kipimo, au hununua chupa nyingine yenye jina jipya na kiambato kilekile. Wachache wanaonusurika huzaa watoto wanaoistahimili sumu hiyo. Ukibadilisha kiuatilifu, soma kiambato kwenye lebo. Jina la biashara halitoshi.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya bomba. Otesha miche ndani ya neti yenye matundu madogo. Majani na matunda yenye dalili yachume, uyafunge kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani, wala usiyarundike pembeni mwa shamba, maana nondo watatokea humohumo. Msimu unaofuata panda mahindi au vitunguu. Viazi mviringo na bilinganya ni ukoo mmoja na nyanya, na mnavu pia, hata ule tunaoupenda mezani: kwa kantangaze zote ni chakula. Mtego wenye harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni utakuonyesha mapema kwamba ameingia, ila unanasa madume tu, kwa hiyo usiutegemee kumaliza tatizo.

Huko kwao kantangaze ana maadui, na alipovuka bahari aliwaacha nyuma. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, Nairobi, ilimleta mmoja wao kutoka Peru: nyigu mdogo aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, ambaye baadaye aliachiliwa kwenye mashamba ya Kenya na Uganda. Jike wa nyigu huyu humtafuta kiwavi ndani ya jani na kumtagia yai mwilini. Mtoto wa nyigu hukua akimla mwenyeji wake.

Nyigu huyo, hata hivyo, hufanya kazi akiwa nje, juu ya majani. Anayepuliza kila wiki bila kukagua humkuta yeye kwanza, mchana kweupe, huku kiwavi akiendelea kula chini ya ngozi ya jani.